Sanduku Lililotaka Kuchemsha Dunia

Kabla sijafungua kinywa, weka mkono kifuani useme: hili nitakufa nalo. Umesema? Sema tena kwa sauti, maana masikio yangu yamezeeka kuliko mimi. Haya. Jambo lenyewe nimewaambia watu sita tu, na wote niliwaapisha kama nilivyokuapisha wewe, isipokuwa mke wa mfyatua matofali, ambaye siku hiyo alikuwa na haraka. Wiki ile dunia ilikaribia kuchemka. Ilipanda digrii tano kwa siku, watoto wa darasa la sita wakaacha kazi za nyumbani kwa sababu hawakuona faida, na mtu aliyeipasha moto namjua kwa sura, kwa ukoo, na kwa mahali anapoficha ufunguo wake. Ila nimeapa kutomtaja. Basi sogea.

Benchi letu limeegemea ukuta mfupi wa shule, upande wa barabara, mgongo kwa uwanja wa watoto. Tunaokaa ni wanne. Kuna Kinyozi, ambaye kibanda chake kiko ng'ambo ya barabara, akikaa nasi jicho moja liko kwenye kiti chake cha wateja. Kuna Faili, aliyefanya kazi masjala miaka thelathini, na mpaka leo hakubali kwamba jua limechomoza mpaka aone muhuri. Kuna Breki, dereva wa lori aliyestaafu. Jina hilo hakupewa kwa kuwa nazo. Na mimi, Bi Redio, kwa sababu sina kitufe cha kuzimia. Muuza kahawa hutufikia saa tatu na nusu na birika moja. Duru ni mbili. Ya kwanza ni ya kila mtu, ya pili ni ya mwenye kikombe kitupu. Ukikutwa kikombe chako bado kina kitu, birika linakuruka, hata ulie. Sheria hiyo aliitunga Faili, nayo imetuumiza sana sisi wasemaji, kwani hakuna aliyejaliwa kusema na kumeza kwa mpigo mmoja.

Sasa juu ya ukuta huo, karibu kabisa na bega langu, mjukuu wangu aliweka masanduku mawili. Huyu ni mwalimu wa sayansi, darasa la sita, binti wa marehemu binti yangu, tunaishi nyumba moja. Masanduku ni ya mbao, ndani yamepakwa rangi nyeusi, kila moja lina kipimajoto. Moja liko wazi juu. La pili limefunikwa kioo. Alinieleza mwenyewe: "Bibi, hili la wazi ni dunia kama ilivyokuwa. Hili la kioo ni dunia iliyojifunika moshi wetu. Joto la jua linaingia, likitaka kutoka linakuta mlango umefungwa." Pale ukutani ndipo jua linapopiga asubuhi nzima, ndiyo maana akapachagua. Kengele ya saa nne ikilia, watoto thelathini na nane wanakuja na madaftari, wanasoma, wanaandika. Sanduku la kioo lina kimlango kwa nyuma, upande wa benchi, cha kuingizia kipimajoto. Kimlango hicho nakitaja tu kwa sababu napenda kueleza mambo yote.

Wiki ya kwanza, la wazi thelathini na sita, la kioo arobaini na moja. Mjukuu alirudi nyumbani anaimba. Wiki ya pili, Jumatatu, la kioo arobaini na tisa. Jumanne hamsini na tatu. Jumatano hamsini na nane. La wazi halijasogea hata nukta. Mwalimu mkuu akamwita ofisini. Akamwambia mkaguzi anakuja Ijumaa, na kama masanduku bado yanasema upuuzi, yanakwenda stoo pamoja na michezo yake mingine yote, na darasa anapewa mwalimu mwingine wa kuwanakilisha ubaoni kama zamani.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Alhamisi asubuhi, duru ya kwanza ilipomiminwa.

Kinyozi: Binti yangu amekataa kuosha vyombo. Namuuliza kwa nini, ananiambia, baba, grafu imefika dari.

Breki: Grafu gani inapanda dari? Paka?

Kinyozi: Mstari. Wanachora joto la sanduku la kioo. Karatasi ikaisha, wakabandika nyingine juu yake. Nayo ikaisha, wakabandika nyingine. Jana mmoja alisimama juu ya dawati, mwingine akapanda mabegani kwake. Wamepiga hesabu. Kwa mwendo huu zimebaki siku tisa za shule, dunia ichemke. Binti ananiuliza, baba, sahani safi za kazi gani?

Faili: Hesabu hiyo imethibitishwa na nani?

Kinyozi: Na watoto thelathini na nane.

Faili: Saini ziko wapi?

Mimi: Labda ni jua tu, wanangu. Mwaka huu limekuja na hasira zake.

Breki: Jua gani, Bi Redio? Jua linapiga masanduku yote mawili. Gari mbili zinapanda mlima mmoja, moja inachemka, nyingine baridi. Hapo huulaumu mlima. Unafungua boneti.

Mimi: Usifungue kitu. Mali ya shule hiyo.

Breki: Nasema kwa mfano.

Mimi: Hata kwa mfano.

Kinyozi: Mimi simlaumu mwalimu. Anafundisha vizuri. Juzi alimsimamisha mtoto mmoja katikati ya darasa, akamwambia wewe ni dunia. Kila mwenzake akitaja kitu kinachotoa moshi, anamfunika blanketi. Gari, blanketi. Kiwanda, blanketi. Kuchoma taka, blanketi. Walipofika blanketi la saba dunia ikaomba ruhusa ya kwenda chooni.

Faili: Ikapewa?

Kinyozi: Ikapewa, ikaenda na mablanketi yote. Mpaka leo wanatafuta moja.

Breki: Na ile kesi?

Kinyozi: Kesi bado inaendelea. Wamemshtaki Moshi. Binti yangu ndiye hakimu, mnamjua alivyo, hata mimi nyumbani naomba ruhusa kukaa. Wakili wa Moshi amejitetea kwamba mteja wake hana miguu, alipelekwa na upepo. Hakimu akauliza, na aliyewasha moto yuko wapi? Kesi ikaahirishwa mpaka mwenyewe apatikane.

Hapo mimi nikapaliwa. Breki akanipiga mgongoni, mkono wa lori kabisa.

Faili: Mimi naona kosa moja tu. Nchi haiwezi kubadilika tabia bila taarifa ya maandishi. Miaka yetu, mvua ilikuwa na faili lake. Mwezi fulani inaingia, mwezi fulani inatoka, imesainiwa. Sasa faili limepotea. Mvua imesimama nje ya mlango inasubiri kuitwa, na joto la mwaka jana, ambalo halikufungwa, limepelekwa mwaka huu pamoja na la mwaka huu. Yakikutana mawili ndiyo hiyo hamsini na nane.

Kinyozi: Kwa hiyo wewe ungewafundishaje watoto?

Faili: Kila mmoja aandike barua kwa mvua, nakala tatu. Moja kwa mvua, moja kwa jua kwa taarifa, moja ibaki masjala. Asiyejibiwa amefeli.

Breki: Mvua ndiyo imekaa kimya, mtoto afeli?

Faili: Mfuata nyuki hakosi asali.

Tukatafuta nyuki ameingilia wapi. Hatukumwona.

Breki: Nyinyi hamjaendesha. Dunia ni injini, bahari ndiyo rejeta. Ile barafu ya mbali kule ni maji ya akiba. Mwalimu si aliwaonyesha? Aliweka barafu juu ya jiwe kwenye beseni, chini akaweka kanyumba ka kadibodi, wakakaa wakiangalia. Barafu ikayeyuka, nyumba ikaelea, watoto wawili wakalia, na nyumba yenyewe haina mtu. Sasa mimi ningewachukua wote thelathini na nane, nawapakia nyuma ya lori, nafunga turubai, naliweka juani mchana. Dakika kumi tu. Nikifungua, hakuna atakayeniuliza maana ya hewa ukaa.

Kinyozi: Wala hakutakuwa na wa kukuuliza.

Breki: Elimu ni bahari.

Kinyozi: Yangu haina hatari. Miti ni nywele za dunia. Mmeinyoa kipara, halafu mnashangaa kichwa kina moto. Nipeni darasa. Nusu nawanyoa upara, nusu nawaacha na nywele zao. Tunasimama juani, tunaulizana nani anahisi joto. Wahenga walishasema yote: ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Nywele ndiyo misitu, maji ndiyo bahari. Wazee walijua tabianchi kabla ya kipimajoto.

Faili: Na wembe ni nani?

Kinyozi: Wembe ni... wembe usiuingize.

Mimi: Na wa kuwanyoa ni nani, mwanangu?

Kinyozi: Nitajitolea. Wakizoea watarudi.

Muuza kahawa akarudi na duru ya pili. Kikombe cha Faili kitupu, akajaza. Cha Breki kitupu, akajaza. Akafika kwangu.

Muuza kahawa: Bi Redio, siku hizi unamaliza mapema. Zamani birika lilikuwa linakuruka kila siku, mpaka nikawa nakuonea huruma.

Mimi: Uzee umenifundisha haraka.

Breki: Haraka haraka haina baraka.

Mimi: Basi nimiminie bila baraka.

Muuza kahawa: Mbona kikombe hiki kina pengo? Changu hakikuwa na pengo. Hiki si changu.

Mimi: Ni chako. Kimezeeka. Sote tunazeeka, ni wewe tu unayejiona kijana.

Akakigeuza, akakitazama chini, akanitazama mimi, akamimina. Alipofika kwa Kinyozi birika likakohoa mara mbili, likanyamaza. Kinyozi akapata nusu na machicha.

Kinyozi: Hii nayo ni tabianchi?

Faili: Hii ni foleni. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Breki alikuwa ameweka mkono juu ya benchi, uso wa mtu anayesikiliza gia.

Breki: Jamani. Nahisi joto. Linatoka chini.

Kinyozi: Wapi?

Breki: Hapa nilipokaa. Nimelijua hilo jambo tangu jana nikanyamaza. Chini ya ukuta huu kuna mlima wa moto. Mdogo, mchanga, unaanza kuota. Ndio unaopasha sanduku la kioo, kwa sababu liko juu ya mdomo wake. La wazi liko pembeni.

Faili: Mlima hauwezi kuota ndani ya mji bila kibali.

Breki: Moto wenyewe huu, shika.

Faili akainuka, akalishika benchi, akasema kweli kuna joto. Kinyozi naye akashika, akasema kweli. Wakainama wawili hao wanaangalia chini ya benchi, makalio juu, watu wanapita barabarani wanatuamkia kwa adabu.

Mimi: Breki, mwanangu, simama.

Akasimama. Alikuwa amekalia kikombe chake cha duru ya pili, kimemwagikia suruali. Tukajizuia kucheka, tukashindwa.

Kinyozi: Mlima umezimika.

Faili, akijipangusa magoti: Mimi nasema hivi. Kitu hiki si cha mbali. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikaruka kama nimeumwa na siafu. Nikasema kuna siafu. Wote wakaanza kutafuta siafu, na kwa kuwa walikuwa wanatafuta chini, hakuna aliyeangalia juu, na kengele ilikuwa karibu kulia. Ilipolia mimi nilikuwa nimeketi vizuri, mikono mapajani, na ndani ya mikono kikombe, na ndani ya kikombe kahawa inayofuka.

Watoto wakaja wanasukumana. Mjukuu nyuma yao, chaki kwenye nywele. Walisoma la wazi kwanza: thelathini na sita. Kisha binti wa Kinyozi, yule hakimu, akapangusa ukungu juu ya kioo kwa kiganja, akainama.

Binti: Sitini na tatu, mwalimu.

Watoto wakafanya sauti moja, kama gurudumu linalotoka upepo. Mmoja akauliza kama mtihani wa hesabu bado utakuwepo. Mwingine akasema atamwachia mdogo wake baiskeli, halafu akakumbuka kwamba mdogo wake naye atachemka.

Mjukuu: Andikeni. Tunaandika tulichokiona, hata kama hatukipendi. Halafu tunatafuta sababu.

Akatugeukia sisi.

Mjukuu: Shikamooni wazee. Nyinyi mko hapa kila asubuhi. Mmemwona mtu yeyote akigusa masanduku?

Faili: Hatujapokea taarifa yoyote.

Breki: Mimi leo nina matatizo yangu, mwanangu.

Mjukuu: Bibi?

Mimi: Hata nzi hajatua.

Kinyozi alikuwa ananiangalia.

Kinyozi: Bi Redio, kahawa yako haiishi? Sisi tumekauka, yako bado inatoa moshi.

Mimi: Nakunywa taratibu. Nyinyi mnameza kama mnazima nyumba.

Jioni nilimkuta mjukuu uani. Amekiweka kipimajoto kwenye beseni la maji, anahesabu. Akakiweka kwapani, anahesabu. Akanijia, akakibana kwapani kwangu, akahesabu na mimi nimesimama na mwiko. Kote kilisema ukweli.

"Kipimajoto kizima, Bibi," akasema. "Kioo kizima. Rangi ileile. Kosa ni langu, ila silioni. Kesho nikiondolewa, nitapewa darasa la pili, na hawa watanakili mistari kumi kuhusu tabianchi bila kunyanyua kichwa. Na walikuwa wameanza kuuliza maswali, Bibi. Hata yule aliyekuwa anasinzia."

Nilifungua kinywa. Ulimi huu umetangaza ndoa kabla ya posa na mimba kabla ya ndoa, haujawahi kukwama. Jioni hiyo ukakwama. Nikamwambia, "Kula kwanza."

Lakini nilijiapia. Kuna kitu kimoja nilichokuwa nakibeba mkobani kila asubuhi tangu Jumatatu, chenye pengo. Nikakitoa, nikakiweka juu ya kabati, nikakifunika na sahani. Naapa nilikifunika. Asubuhi ya Ijumaa nilipofungua mkoba kutafuta leso, nikakikuta humo. Sijui kilifuataje.

Ijumaa muuza kahawa alikuja na kahawa yenye tangawizi nyingi, kwa heshima ya mgeni wa shule. Alitangaza mapema kwamba duru ya pili itakuwa ndogo, mwenye kuchelewa asimlaumu. Unaona majaribu hayo? Na mazungumzo nayo yalikuwa mazito, kwa sababu Faili alikuwa amefika na tai.

Kinyozi: Tai ya nini? Mkaguzi hakukagui wewe.

Faili: Atakuja na muhuri. Huwezi kuupokea muhuri shingo wazi.

Breki: Mimi nimekaa mbali na mlima.

Mimi nilisema sana asubuhi hiyo, na wewe unajua kinachompata kwenye duru ya pili mtu anayesema sana. Nasema hilo tu. Duru ya pili ilipita, kikombe changu kikajazwa, nikakinywa, birika likakohoa. Ikabaki robo saa kengele ilie. Robo saa inatosha mtu kurekebisha mambo yake polepole bila kuonwa.

Kengele haikulia. Mwalimu mkuu alitaka jambo liishe mapema. Nilisikia viatu. Nikageuza shingo, nikawaona wanakuja katikati ya uwanja: mwalimu mkuu mbele, pembeni yake mwanamke mrefu mwembamba mwenye miwani na faili kubwa, mjukuu wangu nyuma, na watoto thelathini na nane wamejipanga kama wako kwenye mazishi.

Breki: Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Wakafika ukutani. Mimi sikusimama kuwasalimia kama ilivyo adabu. Nilikuwa nimekaa nimepinda, bega moja juu, mkono mmoja nyuma.

Mwalimu mkuu: Bibi, unaumwa?

Mimi: Bega tu, mwanangu. Nimelala vibaya.

Mkaguzi: Pole, mama. Usisumbuke, kaa.

Akasoma sanduku la wazi. Thelathini na sita, akaandika. Akainama kwenye la kioo. Kioo kilikuwa cheupe kwa ukungu, akapangusa palepale penye kipimajoto.

Mkaguzi: Sitini na sita.

Mwalimu mkuu: Umeona mwenyewe. Hayo ndiyo niliyokuambia ofisini. Mtoto anafundishwa kwamba dunia itachemka Jumanne, wiki ile ya baada ya ijayo, mzazi ananipigia simu mtoto amekataa kuoga. Ubaoni mambo haya hayatokei. Ubao haupandi joto.

Mkaguzi: Mwalimu, unaelezaje?

Mjukuu wangu alinyoosha mgongo. Mama yake alikuwa anafanya hivyohivyo.

Mjukuu: Siwezi kueleza. Tofauti ya digrii tano ningeieleza, kioo kinazuia joto kutoka. Hii ya thelathini sijui. Nimekijaribu kipimajoto, ni kizima. Nimewaambia wanafunzi kwamba sijui, na kwamba tunatafuta.

Mwalimu mkuu: Hajui. Amesema mwenyewe. Niite mtu wa kubeba masanduku?

Watoto wakasogea karibu na sanduku, wote, bila kuambiwa. Binti wa Kinyozi akaweka mkono juu ya kioo. Nami jasho lilikuwa linanitoka mpaka kwenye nyusi, na bega, nakuambia ukweli, lilikuwa limeanza kuuma kweli.

Mkaguzi alikuwa amebaki ameinama, pua yake iko karibu na mbao. Akavuta hewa. Akavuta tena. Akanyanyua uso, akatuangalia sote, wa ndani ya ukuta na wa nje.

Mkaguzi: Samahani, nauliza tu. Mbona dunia yenu inanukia kahawa?

Faili, ambaye kwa miaka thelathini hakuna swali lililompita bila kupewa namba, alianza kufungua tai. Breki aliangalia magurudumu ya gari lililopita. Kinyozi alihesabu vikombe kwa macho, kimoja, viwili, vitatu, akarudia, akanyanyua macho polepole mpaka begani kwangu.

Mjukuu akashika kioo kwa mikono miwili, akakiinua.

Mvuke wa tangawizi ukatoka. Ukapungua. Wote wakachungulia. Ndani ya dunia, karibu na kipimajoto, kulikuwa na kikombe cha kahawa kimejaa, na kikombe kilikuwa kimeshikwa na mkono, na mkono ulikuwa umeingia kwa kimlango cha nyuma. Kimlango kinapitisha mkono mtupu, kinapitisha na kikombe kikishikwa ukingoni kwa vidole viwili, taratibu. Ngumi iliyokishika kikombe kwa haraka hakipitishi. Kidoleni mkono ulikuwa na pete ya shaba. Jina la mwenye mkono nimeapa sitalitaja. Ila alikuwa amekaa mahali nilipokuwa nimekaa mimi.

Binti wa Kinyozi: Ni mkono, mwalimu.

Muuza kahawa: Na hicho ndicho kikombe changu.

Kinyozi: Kumbe ndiyo maana yake haiishi. Sisi tunakunywa machicha, mwenzetu ana ghala.

Faili: Za mwizi arobaini. Huyu hata wiki hakufikisha.

Mkaguzi hakucheka. Alichungulia ndani kama daktari.

Mkaguzi: Mama, kahawa hii imeingia humu saa ngapi?

Mimi: Saa tatu na nusu na kidogo. Siku hizi inakaa humo muda mrefu kuliko ya Jumatatu.

Mkaguzi: Sasa ni saa nne kasoro dakika tano.

Akachovya ncha ya kidole, akakitoa upesi, akakipuliza.

Mkaguzi: Bado ya moto. Mwalimu mkuu, sanduku hili halina upuuzi. Linafanya kazi kuliko lilivyotarajiwa. Yabaki ukutani yote mawili, na mwalimu wake abaki nayo. Mwalimu, endelea na somo.

Mwalimu mkuu akatazama ubao wake wa mbali, kupitia dirishani. Watoto thelathini na nane wakafungua madaftari, penseli zikaanza kukwaruza. Hakimu akauliza mkono unaandikwaje kwenye grafu. Mjukuu wangu alikuwa ameuma mdomo, sijui alikuwa anazuia kicheko au kilio, akainama juu ya sanduku mpaka uso wake ukawa karibu na wangu.

"Bibi," akasema, "achia kikombe."

"Nikiachia kitamwagika."